Kabla ya kuvuka Ruvuma: kutafuta nota za klarineti kwa watu wasiolingana

Mwanzoni mwa 2024, Jumamosi moja, niligundua mdogo wetu wa darasa la tano hapulizi. Vidole vinatembea, macho yako kwenye karatasi, mguu unagonga chini pamoja na sisi wote, ila pumzi haitoki, klarineti yake kimya kabisa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake ndo maana nikajua, wengine wote hawakuona. Sikusema kitu pale mbele za watu. Tulipotoka nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamuuliza mbona leo hukupuliza, akasema nilipuliza kaka. Tukatembea kidogo. Halafu akasema, nikipuliza naharibu.

Hilo neno lilinikaa wiki nzima. Nota zile nilizitafuta mimi, nikaziprinti mimi, na juu kabisa ziliandikwa kwamba ni rahisi.

Ngoja niwaambie sisi ni nani kwanza. Tuko watano hapa Mtwara mjini, klarineti tano, basi. Kuna Babu, mstaafu, ujanani alipiga kwenye bendi ya misheni huko juu upande wa Masasi, klarineti yake ni ya mfumo wa Kijerumani na ni kongwe kuliko mimi, vidole vyake kwa baadhi ya nota havifanani na vya kwetu, na anasoma solfa, ile ya do re mi, haraka kuliko mimi ninavyosoma gazeti ila nota za mistari anazikabili polepole. Kuna dada muuguzi, alijifunzia Dar, huyo ndo fundi wetu, tatizo lake ni shifti tu. Kuna kijana wa form three, ana miaka miwili na chombo. Kuna dogo, wakati ule alikuwa na miezi mitano. Na mimi, karani wa ghala la korosho, kuanzia Oktoba mpaka Desemba minada ikiwa imechanganya usinitafute. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye darasa tunaloazimwa maeneo ya Shangani, madirisha yanaangalia upande wa bahari, upepo ukiingia inabidi karatasi zibanwe na vibanio vya nguo.

Mkiangalia hiyo orodha mtaelewa shida. Mtu wa miaka hamsini ya kupuliza na mtoto wa miezi mitano, kwenye wimbo mmoja, saa moja. Ukichukua kitu cha dogo, dada anasinzia. Ukichukua kitu cha dada, dogo anakuwa kimya na anatuigizia.

Basi nikaanza kutafuta kwa fujo. Bando limeisha nikanunua jingine, nadaunlodi kila kitu chenye neno klarineti na neno rahisi, nikipeleka steshenari kuprinti naulizwa kaka leo tena? Na nilichojifunza ni kwamba neno rahisi kwenye nota za vikundi linamaanisha vitu tofauti kabisa kulingana na aliyeliandika. Waingereza wana mitihani ya muziki ya bodi ya ABRSM yenye ngazi 8. Wamarekani wana utaratibu wao, wanapanga nyimbo za bendi za shule kwa madaraja ambayo mara nyingi yanaishia 6. Kwa hiyo mbili ya huku siyo mbili ya kule, mtu ukizichanganya umeumia. Halafu mara nyingi namba ile inapimwa kwa wimbo mzima, kasi yake, shapu na flati zake, mapigo yake. Na nyimbo nyingi za bendi za shule zimeandikwa kwa darasa lenye watoto kumi wanaopiga sauti moja, mmoja akipotea tisa wanambeba mpaka anarudi. Kwetu kila sauti ina mtu mmoja. Dogo akipotea hakuna wa kumbeba, kuna shimo tu na kila mtu anasikia, na yeye anasikia kuliko wote.

Sasa kuna jambo la klarineti ambalo lazima nilieleze maana ndo moyo wa haya yote. Filimbi ile ya shule ukipuliza kwa nguvu kidogo na kufungua tundu la gumba inaruka oktava, vidole vilevile, jina lilelile la nota, juu tu. Klarineti haifanyi hivyo. Bomba lake ni la mwanya ulionyooka, upande mmoja ni kama limezibwa na mdomo wako, kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha rejista nyuma inaruka nota kumi na mbili. E ya chini kabisa inakuwa B. F inakuwa C. G inakuwa D. Maana yake vidole vya chini na vidole vya juu vina majina mawili tofauti na mtoto anajifunza ramani mbili.

Na katikati ya ramani hizo kuna mto. Ukiwa kwenye A ya katikati karibu vidole vyote viko hewani, kimoja tu kinagusa kitufe juu. Nota inayofuata kwenye skeli, B, inataka vidole vyote vishuke kwa pamoja, matundu yote yazibwe, gumba libonyeze rejista na kidole kidogo kishike kitufe chake chini, vyote kwa wakati mmoja, na kimoja kikivujisha hewa inatoka sauti ya kulia ambayo kila mwanafunzi wa klarineti anaijua. Kijana wetu wa form three ndo aliyepapatia jina. Alikuwa anahangaika siku moja akasema hapa ni kama kuvuka Ruvuma bila daraja. Tangu siku hiyo tunasema hivyo. Umevuka Ruvuma? Huu wimbo unavuka mara ngapi? Babu anamwambia dogo, mjukuu wangu usiwe na haraka ya kuvuka, huku kwetu pia kuna mashamba.

Kwa hiyo nilichukua ule wimbo uliomnyamazisha dogo, nikakaa na kalamu nyekundu, nikaweka alama kila mahali sauti ya tatu inapovuka. Mara 19. Kwenye ukurasa mmoja na nusu. Na nyingi ilikuwa A kwenda C, A kwenda B, papo kwa papo, bila pozi la kujipanga. Wakati sauti ya kwanza, ya dada, ilishavuka mwanzoni na kukaa ng'ambo kwa raha zake mpaka mwisho, amevuka mara 3 tu. Aliyepanga ule wimbo aliona sauti ya tatu iko chini akadhani ni nyepesi, na kwa macho ya mpiga piano ni kweli iko chini, lakini iko chini palepale mtoni. Mtoto wa miezi mitano alipewa sehemu ngumu kuliko zote na tukamwambia ni rahisi. Niliona vibaya sana.

Tangu hapo sinunui wala siprinti kitu kabla sijaweka alama nyekundu kwenye skrini ya simu. Siangalii tena namba ya ngazi. Naangalia kila sauti peke yake: nota ya chini kabisa ni ipi, ya juu kabisa ni ipi, inavuka mara ngapi, na inapovuka kuna nafasi ya kupumua kabla? Ukipata wimbo ambao sauti moja haivuki kabisa, nyingine inavuka kwa utaratibu kwa hatua, na nyingine inaruka inavyotaka, huo ndo wimbo wa watu wasiolingana. Ni chache. Wengi wanaopanga muziki wanagawa ugumu sawasawa kama mtu anagawa ubwabwa kwenye sahani.

Nikageukia kilichokuwa karibu, nota za kwaya. Huku kwetu nota za sauti nne ziko kwenye kabati la kila kwaya, na mtandaoni tovuti ya Swahili Music Notes imejaa nyimbo za watunzi wa Kiswahili, PDF unashusha kwenye simu. (Mtunzi akiwa hai mwandikie umuombe kabla hujapindua kazi yake, mimi nimeshawaandikia wawili na wote walifurahi, mmoja akaomba nimtumie rekodi.) Nilidhani ni rahisi tu, soprano kwa dada, alto kwangu, tenor kwa kijana, besi kwa Babu, kazi imeisha. Haikuwa hivyo.

Kwanza besi. Klarineti yetu ya kawaida, ya B flati, haiandikiwi chini ya E iliyo chini ya C ya katikati. Besi wa kwaya anazama mbali chini ya hapo. Inabidi zile nota zinazozama uzipandishe oktava na zile ambazo ziko juu tayari uziache zilipo, yaani unaiandika upya nota kwa nota, ukiipandisha yote kibubusa besi inapanda juu ya alto na wimbo unakuwa umesimama kwa kichwa. Nimeandika besi za nyimbo kumi na kitu kwa MuseScore, programu ya bure kabisa, unaandika nota inakupigia uzisikie, na nikimaliza naweza kuwatumia watu sauti zao Watsapu wajifunze nyumbani.

Pili soprano. Hii ilinishangaza. Melodi nyingi za kwaya zinakaa kati ya C ya katikati na E ya oktava ya juu yake, sauti ya kawaida ya waumini wote. Ziandike kwa klarineti uone: zinacheza mtoni palepale. F, A, B flati, C, A, nenda rudi nenda rudi. Dada anavuka bila hata kufikiri, lakini huwezi kumpa mwanzo kitu cha namna hiyo ati kwa sababu anaujua wimbo.

Tatu ni habari ya ufunguo, na hii wapiga kinanda wengi wanaisahau. Klarineti ya B flati ukisoma C inasikika B flati. Mkiwa klarineti tupu haina shida, someni kama ilivyoandikwa, wote mtakuwa chini kwa toni moja na hakuna atakayedhurika. Kwaya ikiingia ndo mambo yanabadilika, wao wakiwa F ninyi lazima muwe G, wao E flati ninyi F, wao B flati ninyi C, hapo ni sawa. Wao wakiwa D ninyi mko E, shapu nne, na dogo kwaheri. Dawa yake ni ndogo sana: vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kushusha ufunguo, mwambie mpiga kinanda ashushe nusu toni mbili, apige kama kawaida yake, na sisi tunasoma kitabu kilekile bila kuandika upya hata mstari. Kwaya itaimba chini kidogo, tena watenor watakushukuru.

Sasa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua, barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, mabasi yamekwama, na kwenye basi mojawapo kulikuwa na boksi la ridi zetu. Hapa Mtwara sijawahi kuona duka linalouza ridi. Ridi ni kijiti cha tete tu, kinakaa mdomoni mwa klarineti na ndo kinachotoa sauti, kinachoka, na kwa unyevunyevu wa pwani hii usipokikausha kinaota ukungu. Tulikuwa na ridi zilizokwisha, laini, na ridi laini nota za juu zinakuwa nyembamba zinashuka, zinakatika, hata za dada. Ila chini ziliitika vizuri. Dada mwenyewe akasema, kaka, leo tubaki chini wote, tuone.

Nikashusha melodi oktava nzima. Ilikuwa wimbo wenye melodi fupi, kutoka F mpaka D, nikaishusha ikaanzia F ya chini. Na nikampa dogo. Melodi yenyewe, ile ambayo kila mtu anaijua. Mimi na dada tukachukua sauti zilizobaki juu yake, taratibu, kwa pumzi ndogo, Babu na kijana katikati.

Jamani. Klarineti chini ndo tamu. Ile sauti nene ya giza, kama mtu anaongea usiku barazani. Tunakimbilia juu kwa sababu tunadhani juu ndo kuna ufundi, na tunawaachia wanafunzi chini kama vile ni mahali pa kusubiria. Dogo alipuliza kwa pumzi zake zote, kwa mara ya kwanza nilimsikia vizuri, na darasa la pembeni waliokuwa wanafanya usafi wakaja mlangoni. Tukarudia mara nne.

Siyo kila melodi inashuka hivyo. Lazima nota yake ya chini ikishuka isiende chini ya E. Zile zenye upana mkubwa ziache. Lakini melodi yenye upana wa nota tano sita unaweza pia kuiweka C na ikakaa yote kati ya C na A, haigusi mto kabisa. Ile ya Beethoven ya mwisho wa simfoni ya 9, ya 1824, ambayo dunia nzima inaijua, ukiiweka C inatembea C mpaka G basi, na mara moja inashuka G ya chini. Mtu wa mwezi wa pili anaipiga. Ni moja ya melodi kubwa kuliko zote na ina nota sita.

Kutoka hapo nikaanza kutafuta vitu vya namna hiyo na ndo nikakutana na kanoni ya Pachelbel, ile ya maharusi, mmeisikia hata kama hamjui jina. Yenyewe iliandikwa kwa vayolini tatu na besi, ufunguo wa D. Besi ni nota nane. Nane tu, inarudiwa mara 28, haibadiliki mwanzo mpaka mwisho. Nikaihamisha C kwa ajili ya klarineti: C, G, A, E, F, C, F, G. Angalieni hizo nota. Ukiondoa zinazojirudia zimebaki tano, na zote zinakaa chini ya mto, ya chini kabisa ni E, yaani nota ya mwisho kabisa ya chombo, kama vile mzee yule alijua.

Nikamwandikia Babu kwa solfa: do so la mi fa do fa so. Akaisoma mara moja, akaimba, akagonga meza, akasema hii ni ngoma. Na kweli ni ngoma. Kwenye sindimba ngoma ndogo inashika pigo lake haihami, ndo maana mpigaji mkubwa na wachezaji wanaweza kuzunguka wanavyotaka, wakipotea wanajua pa kurudi. Babu ndo aliyemfundisha dogo ile besi, mimi sikuhusika, niliwakuta wanaimba do so la mi wamekaa kwenye ngazi za nje.

Utamu wa kanoni hii kwa watu kama sisi ni huu. Kwa kuwa besi inazunguka kila vipimo viwili, yaani mapigo nane, na hamoni ni ileile, vipimo viwili vyovyote vinakaa juu ya vipimo viwili vingine. Vayolini ya kwanza inaingia na nota nane za krocheti, polepole, zinashuka kwa hatua: ukizishusha chini ni E, D, C, B, A, G, A, B. Hazivuki. Hizo nikampa kijana na nikamwambia ukifika mwisho rudi mwanzo, ukijisikia kusonga mbele kwenye kweva, zile za kasi mara mbili, songa, ukishindwa rudi, wimbo hautavunjika. Baadaye nota zinaanza kuwa ndogo, semikweva, na hapo ndo dada anafanya kazi yake. Sote watano tuko kwenye wimbo mmoja na kila mtu yuko kwenye kiwango chake na hakuna anayejifanya. Kwa kanuni ya kanoni ilitakiwa kila mmoja apige kila kitu kwa zamu, mwenzake akifuata vipimo viwili nyuma. Sisi tumevunja hilo na sioni aibu.

E ya chini ilimsumbua dogo wiki mbili, vidole vyake vifupi, tundu moja linavuja unasikia upepo. Kuna njia rahisi ya kujua: mwambie abane kwa nguvu kidogo halafu aonyeshe ncha za vidole. Kama kuna alama ya duara kamili kwenye kila kidole amefunika, kama duara ni nusu ndo panapovuja. Wakati anajifunza tulimruhusu apige E ya juu yake, ile ya gumba na kidole cha kwanza tu, besi ilipoteza uzito kidogo lakini hakukaa nje hata siku moja.

Dogo na kijana ni Waislamu, na kuna kipindi nilijaza daftari la kikundi tenzi za kanisani tupu kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo, bila hata kufikiria. Hawakulalamika. Siku moja dogo akaniuliza taratibu kama na yeye anaweza kuleta wake. Akaimba kaswida wanayoimba madrasa, melodi inazunguka ndani ya nota tano, kiitikio kinajibu. Nikaiandika palepale, yeye anaimba mimi naandika, kila nikikosea ananisahihisha. Ilikaa yote chini ya mto bila kugusa kitu. Kiongozi akawa yeye, sisi wanne tukawa kiitikio, na kwenye kiitikio nikaweka sauti tatu nyepesi za kushikilia. Muda wote huo nilikuwa nasaka nota Marekani na Uingereza na nyimbo za upana wa nota tano zilikuwa zinaimbwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Nyimbo za kubembeleza watoto, za kinamama wakibangua korosho, za kuitikiana, nyingi ziko hivyo. Sasa kila mtu analeta wake.

Lakini pia nisiwadanganye, kuna kosa jingine niliingia nalo upande wa pili. Nilimjali sana dogo mpaka nikamsahau dada. Miezi miwili tatu alikuwa anapiga vitu ambavyo angepiga usingizini, ametoka shifti ya usiku, amepanda bodaboda na klarineti mgongoni. Siku moja akaniambia bila hasira, kaka, na mimi nina njaa ya muziki. Ilinigusa kwa sababu ni haki yake kabisa. Kwa hiyo tukaweka utaratibu, nusu saa ya mwanzo ni ya wanaovuka. Kwa hapo Mozart ametuokoa. Miaka ya 1780 huko Vienna aliandika vipande vya baseti honi tatu, hao ni binamu wa klarineti wanaoshuka chini zaidi, ziko divertimento tano zenye vipande 25 jumla, kwenye orodha ya kazi zake wanaziita K. 439b. Watu wameshazihamishia klarineti tatu na zinapatikana IMSLP, ile maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2006 ya nota ambazo haki zake zimeisha, hulipi kitu. Ni vifupi, minueti, adajio, rondo ndogo. Siyo vyepesi, sauti ya kwanza inataka mtu anayejua kuimba na chombo, lakini ni vipande ambavyo mtu anavirudia miaka na haviishi. Dada wa kwanza, mimi wa pili, kijana wa tatu tukienda polepole. Babu na dogo wanasikiliza, na dogo anapindua kurasa.

Na vitabu vya zamani vya kujifunzia klarineti kama cha Klosé, cha 1843, vina vipande vya wawili wawili ambavyo tunavitumia pia, ila hivyo ni zaidi vya darasani, sitavizungumzia sana.

Baadaye kuna wiki dogo aliugua malaria. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne, tukasema tupige tu kanoni tunayoijua, haina neno. Tukaanza. Kijana akaingia na nota zake nane, mimi nikafuata, dada akafuata, kila mtu yuko sawa kabisa, hakuna aliyekosea hata nota moja, na Babu akainua mkono akatusimamisha. Akasema mbona leo wimbo hauna ardhi? Tukaangalia kiti. Babu akachukua besi yeye, tukapiga mpaka mwisho, halafu nikairekodi kwa simu tukamtumia mama yake dogo amsikilizishe. Akajibu kwa sauti, nyembamba ya mgonjwa, ile E ya nne Babu aliiharakisha.

Sasa hivi dogo yuko darasa la sita na ameanza kuvuka mwenyewe, B yake ya kwanza ilitoka mwezi wa saba, siku hiyo mama yake alituletea ming'oko ya kuchemsha sufuria zima. Kwa hiyo ramani yangu nyekundu inabidi nianze upya, maana kuna mtoto mwingine wa jirani ameshakuja kuuliza kama kuna klarineti ya ziada, nafikiri nitampa yangu ya zamani ya plastiki ambayo haipasuki na hili joto, na nota nane za besi zinamsubiri. Natafuta vitu vingine vilivyojengwa juu ya besi inayojirudia kama ile, pia vya kuitikiana ambavyo kiitikio hakivuki. Mwenye nazo, hata picha ya karatasi uliyoipiga na simu, ziwekeni hapo chini, hata za solfa, Babu atatusomea.